Jani Lililotafutiwa Kisukari

Kwenye vitalu vya maua vya Karen na kando ya Ngong Road huuzwa vinka, ua la petali tano, jeupe au la waridi, ambalo wengi hulipanda kwa urembo tu. Asili yake ni Madagaska. Lilipokwisha kuenea duniani, watu wa Jamaica walizoea kuchemsha majani yake na kunywa maji yake ili kushusha sukari mwilini.

Mwaka 1952 bahasha yenye majani 25 ilitoka Jamaica ikamfikia Clark Noble, daktari wa Toronto, mji ilikogunduliwa insulini mwaka 1921. Akampa mdogo wake Robert, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Panya walionyweshwa dawa ya majani hayo hawakupata nafuu yoyote ya maana. Waliodungwa sindano walikufa kwa maambukizi, seli nyeupe za damu zikiwa zimepungua mno.

Mwenye haraka angeyatupa majani yale. Robert Noble aliona kwamba kinachopunguza seli nyeupe huenda kikaizuia saratani ya damu. Pamoja na mkemia Charles Beer, kufikia 1958 alikuwa ameshaipata vinblastine, dawa ya saratani. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyokuwa ikiuchunguza mmea huohuo, ikapata vincristine.

Mwaka huohuo wa 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha maelezo yake kuhusu saratani ya taya iliyokuwa ikiwashambulia watoto wa Afrika Mashariki. Vincristine ikaja kuwa miongoni mwa dawa za kuitibu, na hadi leo watoto wetu wanadungwa dawa hiyo.

Nayaeleza haya kwa sababu majani yetu yanastahili subira ileile. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walichapisha majaribio ya mimea inayotumiwa na waganga wa Mbeere, ukiwemo ule ambao mbegu zake hunasa kwenye nguo, Bidens pilosa. Dawa zilizotokana nayo zilishusha sukari kwa panya. Hiyo ni hatua ya kwanza. Bado haijajulikana kipimo kinachomfaa binadamu, wala madhara yake kwa ini na figo, na mgonjwa anayeacha insulini kwa ajili ya majani anahatarisha maisha yake. Vinka yenyewe ni sumu, isichemshwe nyumbani.

Galega, mmea wa Ulaya, nao una sumu. Wanakemia walianzia kwenye kiini chake, na mwaka 1957 Jean Sterne wa Paris akachapisha matokeo ya metformin kwa wagonjwa. Leo ndiyo tembe ya kisukari inayoandikwa zaidi hospitalini.