Kihatarishi na kisababishi katika ugonjwa wa Alzheimer

Familia ikiambiwa mzee wao ana ugonjwa wa Alzheimer, huuliza kwanza: umesababishwa na nini? Daktari makini hajibu papo hapo, maana kuna maneno mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: kisababishi na kihatarishi.

Kisababishi ndicho kinacholeta ugonjwa. Bila vimelea vyake hakuna malaria. Alzheimer haina kimelea. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alichunguza kwa hadubini ubongo wa marehemu Auguste Deter, akakuta mabonge baina ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo mabonge hayo yanajulikana kuwa ni protini ya amiloidi, na nyuzi ni za protini iitwayo tau. Kinachozifanya zirundikane kwa wazee wengi hakijaeleweka sawasawa. Ni familia chache mno ambamo badiliko la jeni moja, kama PSEN1, hutosha kuleta ugonjwa, tena mara nyingi kabla ya miaka 65. Hao ndio wa kuambiwa kisababishi.

Wengine wote tuna vihatarishi. Neno limetokana na kitenzi hatarisha, kwa kalibu ileile ya kisababishi. Wakaguzi wa hesabu nao hulitumia, ila kwao kihatarishi ni lile baya lenyewe linaloweza kutokea. Kwa tabibu ni jambo linaloongeza uwezekano wa kuugua, basi.

Umri ni kihatarishi kikubwa kuliko vyote. Kisha ipo jeni APOE4, na hiyo ina kisa chake. Watafiti waliowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis walikuta kwamba Ibadan wanaougua kila mwaka ni chini ya nusu ya kiwango cha Indianapolis, na jeni hiyo haikuonyesha kwa Wayoruba nguvu iliyozoeleka kwingine. Kisababishi kisingebagua mji.

Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja vihatarishi 14 vya maradhi ya kupoteza kumbukumbu, Alzheimer ikiwamo, ambavyo vinaweza kupunguzwa: presha, kisukari, sigara, upweke, kukosa shule utotoni, uziwi wa ukubwani, na vinginevyo. Huo uziwi tunaupuuza mno. Mzee asiyesikia huachwa ajikalie peke yake barazani. Mpelekeni akapimwe masikio, na presha yake ipimwe siku hiyohiyo.