Isike, mtemi wa Unyanyembe

Isike, aliyeitwa pia Mwanakiyungi, alikuwa mtemi wa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi inayouzunguka mji wa Tabora. Alitawala kuanzia 1876 hadi Wajerumani walipomuua Januari 1893.

Habari zake zinaanzia kwenye ukoo. Mtemi Fundikira alipofariki 1858, Kaze (Tabora ya leo) ilikwisha kuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Ujiji. Ukoo wa watemi ulikwisha kufungamana kwa ndoa na wafanyabiashara wa Kiarabu: Karunde, binti Fundikira, aliolewa na Muhammad bin Juma, baba wa Tippu Tip. Mrithi wa Fundikira, Mnywa Sele, alidai ushuru kwa Waarabu. Mwaka 1860 wakamng'oa, wakamkalisha Mkasiwa, baba yake Isike. Mnywa Sele akaishi porini na watu wake, akiisumbua misafara kwa miaka, hadi alipouawa 1865.

Basi Isike alirithi kiti ambacho baba yake alikipata kwa bunduki za wageni, na si haki kumhesabu kibaraka wao kwa sababu hiyo. Alikusanya silaha na baruti, akajenga boma imara, akataka pembe na hongo ya njia viwe mkononi mwake. (Hongo wakati huo ilikuwa ada ya wazi ya kupita katika nchi ya mtemi, wala haikuwa rushwa.) Magharibi alikuwa na Mirambo wa Urambo, adui aliyemrithi kwa baba yake, hadi Mirambo alipofariki 1884.

Mwaka 1890 Emin Pasha, aliyewatumikia Wajerumani, aliipandisha bendera ya Ujerumani Tabora. Isike hakuikubali. Mwaka 1892 askari wa Kijerumani walilishambulia boma lake wakashindwa kuliteka. Januari 1893 alikuja afisa wao Tom von Prince, na safari hii ukuta ukavunjwa. Isike aliingia ghala la baruti akalilipua ili asishikwe. Wajerumani walimtoa akiwa mahututi, wakamnyonga.

Baada yake Wajerumani walimtawaza Nyaso, mwanamke wa ukoo huohuo. Utemi ukabaki nyumbani humo hadi Abdallah Said Fundikira (1921–2007), aliyetawazwa 1957 na kuwa Waziri wa Sheria Tanganyika ilipopata uhuru 1961.