Kuhamisha injini kati ya pikapu mbili kuukuu: yanayohitaji kuangaliwa

PIKAPU kuukuu ni mali ya kazi mkoani Pwani. Kutoka Maneromango na vijiji vingine vya Wilaya ya Kisarawe hushusha mihogo, nazi na korosho. Mjini Kibaha, kandokando ya Barabara ya Morogoro, hubeba saruji, mbao na matofali kwenda katika viwanja vinavyojengwa. Nyingi ni Toyota Hilux na Nissan zilizotengenezwa miaka ya 1980 na 1990. Katika umri huo si ajabu bodi ya gari moja kudumu kuliko injini yake, na injini ya gari jingine kudumu kuliko fremu yake.

Chukua mfano wa mmiliki mwenye Hilux mbili. Ile ya Kisarawe ina fremu imara, lakini hedi ya injini imepasuka. Ile ya Kibaha imeliwa na kutu, lakini injini yake bado inavuta. Kuyafanya magari hayo mawili kuwa moja huonekana ni kazi ya siku mbili na winchi moja. Kwa kweli, kunyanyua injini ndiyo sehemu nyepesi. Gari laweza kuwaka vizuri gereji, kisha likamponza mwenyewe mteremkoni au mbele ya askari wa usalama barabarani, kwa sababu ya mpira mmoja usiofungwa au namba moja isiyolingana na kadi.

Kuitambua injini

Hatua ya kwanza ni kusoma alama iliyochongwa kwenye bloku. Katika Hilux za dizeli za miaka hiyo, injini zinazoonekana mara kwa mara ni 2L yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, 3L yenye 2,779 na 5L yenye 2,986. Hizi ni za ukoo mmoja. Kwa sababu hiyo, kuhamisha 3L kwenda mahali palipokuwa na 2L ni kazi ambayo fundi mzoefu huimaliza bila kuchomelea chochote.

Hata ndani ya ukoo mmoja kuna tofauti. Karta ya oili ya pikapu inayoendeshwa kwa magurudumu manne haina umbo sawa na ya pikapu ya magurudumu mawili, kwa kuwa lazima iipishe difu ya mbele. Injini ikitoka katika aina moja kwenda nyingine, karta huhamishwa pamoja na kichujio kinachofyonza oili ndani yake. Anayebadilisha karta na kukiacha kichujio anaweza kuinyima injini oili na kuiua kabla ya safari ya kwanza kwisha.

Nissan yenye injini ya TD27, ujazo wa 2,663, ni jambo jingine kabisa. Kuitia katika Hilux hudai vishikio vipya vya injini, giaboksi nyingine na mara nyingi propela shafti iliyokatwa upya. Gharama ya kuchomelea na kuchonga huweza kuzidi bei ya injini yenyewe.

Kupima kabla ya kung'oa

Injini inayowaka si lazima iwe nzima. Fundi makini huipima mgandamizo silinda kwa silinda ingali katika gari lake la zamani. Kwa 2L, kiwango cha injini mpya ni takriban kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Ikishuka chini ya kilo 20, au silinda zikitofautiana kwa zaidi ya kilo 5, injini hiyo inahitaji matengenezo kabla ya kuhamishwa.

Hedi za 2L zinajulikana kwa kupasuka zinapochemka. Dalili za kutafuta ni mapovu katika rejeta wakati injini inanguruma, maji yanayopungua bila kuonekana yanakovujia, na oili iliyogeuka rangi ya maziwa. Injini inapokuwa nje ndio wakati wa kubadilisha vitu vya bei ndogo vinavyofikiwa kwa shida baadaye: sili ya nyuma ya krankshafti, sahani ya klachi na beringi yake, pampu ya maji, na mkanda wa taimingi. Injini za 2L, 3L na 5L zote hutumia mkanda huo. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. TD27 hutumia gia badala ya mkanda, na hiyo ni moja ya sababu za sifa yake ya uvumilivu.

Petroli kwenda dizeli

Ugumu huongezeka pale gari linalopokea lilikuwa la petroli, kama Hilux yenye injini ya 22R. Dizeli inahitaji bomba la kurudisha mafuta kwenye tanki, chujio lenye kutenga maji, nyaya za plagi za kupasha joto, na njia ya umeme ya kukata mafuta ili injini izimike. Tanki lazima lisafishwe kabisa. Ni bora zaidi kuhamisha vifaa hivi vyote kutoka gari linalotoa injini, pamoja na giaboksi na rejeta yake, kuliko kununua kimoja kimoja.

Jambo la hatari zaidi ni breki. Injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu kupitia mrija wa kuingizia hewa, na ombwe linalopatikana hapo ndilo linalomsaidia dereva kukanyaga breki. Injini ya dizeli ya aina hii haina ombwe hilo. Badala yake ina pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya alteneta. Fundi akifunga alteneta isiyo na pampu hiyo, au akisahau kuunganisha mpira wake, gari litawaka na kuondoka kama kawaida, lakini pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe. Katika uwanja wa gereji kasoro hiyo haionekani sana. Katika vilima vya Pugu, gari likiwa na mzigo wa mihogo, huweza kugharimu maisha.

Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, kisha ishikilie na uwashe injini. Pedali ikizama kidogo, ombwe lipo. Isipozama, gari lisitoke.

Kadi ya gari

Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutaja namba ya chesisi na namba ya injini, pamoja na ujazo wake. Chesisi ndiyo utambulisho wa gari. Injini ni sehemu inayoweza kubadilishwa, ila mabadiliko hayo yanapaswa kuandikishwa. Mmiliki huliwasilisha gari kwa mkaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi, kisha huomba TRA irekebishe kumbukumbu. Hati ya mauziano ya injini, au kadi ya gari ilikotoka, ndiyo inayoonyesha kwamba haikuibwa.

Asiyefanya hivyo huenda asione tatizo kwa miaka mingi. Tatizo huja siku ya kuuza gari, siku ya kudai bima baada ya ajali, au siku injini inapokaguliwa na kukutwa haifanani na kadi. Kuhamisha namba za usajili za gari moja na kuzibandika katika jingine ni kosa la jinai, hata kama magari yote mawili ni ya mtu mmoja.

Injini za ukoo mmoja zikiwa zimepimwa, kazi hii huweza kuirudisha pikapu barabarani kwa miaka mingi. Zikiwa za koo tofauti, ni busara kulinganisha kwanza gharama yote na bei ya injini ya mtumba ya aina ileile. Kwa vyovyote vile, kazi haijakamilika injini inapowaka. Hukamilika breki zinapojaribiwa na namba ya injini inaposomeka sawa katika bloku na katika kadi.