Kwa nini pasi na ekstensheni huzuiwa katika meli za kitalii

ABIRIA anayeanza safari ya meli ya kitalii katika bandari ya Miami, Southampton au Barcelona hukabidhi masanduku yake makubwa kwa wapagazi kabla hajapanda melini. Masanduku hayo hupitishwa katika mashine ya eksirei, kama ilivyo katika viwanja vya ndege, na baada ya saa chache huwekwa mbele ya mlango wa chumba cha mwenyewe. Hata hivyo, hapakosi abiria ambao hungoja hadi jioni bila kuliona sanduku lao. Wanapouliza, huelekezwa katika chumba cha walinzi sehemu za chini za meli, ambako hutakiwa kulifungua mbele ya ofisa na kukitoa kitu kilichoonekana kwenye eksirei.

Abiria wa Kimarekani wamekipachika chumba hicho jina la utani, "chumba cha watundu". Wengine hufikishwa huko kwa sababu ya chupa ya pombe iliyofichwa katikati ya nguo. Lakini wengi hukamatwa na vitu ambavyo nyumbani havimtishi mtu: pasi, birika la umeme, hita ya kuchemshia maji, na ekstensheni ya kuchajia simu.

Wapo wanaodhani kwamba huo ni ubahili wa makampuni, kwamba abiria ananyimwa pasi ili alipie dobi wa melini, na ananyimwa birika ili akanunue kahawa. Dhana hiyo inaeleweka, kwani makampuni hayo yanajua sana kutoza fedha, ila katika jambo hili haina uzito. Sababu zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni moto. Ya pili, ambayo abiria wengi hawaijui, ni kwamba umeme wa melini haukufungwa kama umeme wa nyumbani.

MOTO KATIKATI YA BAHARI

Nyumba ikishika moto mjini, watu hukimbilia barabarani na kuwapigia simu zimamoto. Melini hakuna barabara, na zimamoto ni mabaharia wenyewe. Meli kubwa huchukua abiria na wafanyakazi elfu kadhaa, wengi wao wakiwa wamelala katika vyumba vidogo vilivyopangwa mstari mmoja katika korido ndefu, na bandari iliyo karibu inaweza kuwa mbali kwa safari ya saa nyingi.

Historia ya usafiri huo ina mifano ya kutosha. Septemba 1934 meli Morro Castle iliungua karibu na pwani ya New Jersey nchini Marekani na watu 137 wakafa. Novemba 13, 1965, meli Yarmouth Castle iliyokuwa ikitoka Miami kwenda Nassau ilishika moto usiku, ikazama, na watu 90 wakapoteza maisha. Moto huo ulianza katika chumba kilichogeuzwa stoo ya magodoro. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha chanzo, lakini miongoni mwa mambo yaliyoshukiwa ni waya za taa zilizounganishwa kienyeji. Maafa hayo yalichangia kukazwa kwa masharti ya kinga ya moto katika Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, ambao ulitungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic na ambao toleo lake la 1974 ndilo linalotumika, pamoja na marekebisho yake mengi.

Wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki nao wanaweza kuikumbuka Achille Lauro. Meli hiyo ya Italia, iliyokuwa njiani kuelekea Afrika Kusini ikiwa na watu takriban elfu moja, ilishika moto Novemba 30, 1994 katika Bahari ya Hindi, mbele ya pwani ya Somalia, na ikazama siku mbili baadaye. Karibu wote waliokuwamo waliokolewa, wawili walikufa.

Tukio lililobadili zaidi mambo katika miaka ya karibuni ni la Star Princess, meli iliyokuwa na umri wa miaka minne tu. Alfajiri ya Machi 23, 2006, ikiwa katika bahari ya Karibi ikielekea Montego Bay, Jamaika, moto uliwaka katika roshani ya chumba kimoja na kupanda ghorofa hadi ghorofa. Abiria mmoja alifariki dunia na vyumba 79 viliteketea. Haukuwa moto wa umeme: uchunguzi uliona kwamba chanzo kinachoelekea zaidi kuwa cha kweli ni kipande cha sigara kilichotupwa. Lakini uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine. Ndani ya vyumba, vinyunyizio vya maji vilifanya kazi yake na kuuzuia moto usipenye katikati ya meli. Nje, katika roshani, vinyunyizio havikuwapo, na plastiki ya viti na vizuizi ikawa kuni. Marekebisho ya mkataba yaliyoanza kutumika Julai 1, 2008 yakaziingiza roshani katika masharti ya kinga ya moto.

Kwa mtazamo huo, pasi iliyosahauliwa juu ya kitanda wakati mwenyewe amekwenda kula chakula cha jioni si jambo dogo.

KILA KINACHOTOA JOTO

Kanuni ya msingi katika makampuni karibu yote ni kwamba kifaa chenye koili ya kutoa joto hakiingii chumbani. Hapo huhesabiwa pasi za nguo na mashine za kunyooshea nguo kwa mvuke, hata zile ndogo za safari; mabirika na hita za maji; majiko ya umeme ya kupikia; mashine za kahawa; vikaangio vya mkate; na mablanketi ya umeme. Mishumaa na ubani pia hukataliwa, ijapokuwa havina uhusiano na umeme.

Vifaa vya nywele ndivyo vinavyopewa msamaha. Mashine ya kukaushia nywele, pasi ya kunyooshea nywele na ile ya kusokotea huruhusiwa na makampuni mengi, na kikaushio cha nywele aghalabu hukutwa tayari chumbani. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: pasi ya nywele si koili pia? Ni koili, na huchoma vilevile. Ni wazi kwamba makampuni yamepima na kuona kwamba kumkataza abiria kutengeneza nywele zake kungewaletea ugomvi usiokwisha.

Mwenye kutaka kunyoosha shati ana njia. Meli nyingi za Carnival na Princess zina vyumba vya abiria kujifulia, vyenye pasi na meza zake. Royal Caribbean haina vyumba vya namna hiyo, na abiria wake hupeleka nguo kwa dobi wa meli kwa malipo.

EKSTENSHENI: KINGA INAYOGEUKA HATARI

Kifaa kinachozua malalamiko zaidi ni ekstensheni, hasa ile bora yenye kinga ya kuzuia umeme unaopanda ghafla. Nyumbani, mtu anayejali usalama hununua aina hiyo na kuiacha ile ya bei nafuu. Melini mambo hugeuka: ile yenye kinga ndiyo hutwaliwa kwanza. Ili kuelewa sababu, yafaa kutazama jinsi umeme unavyosafiri.

Katika nyumba ya kawaida umeme huingia kwa waya mbili. Mmoja ndio wenye umeme, na mwingine, nyutro, umeunganishwa na ardhi katika mfumo wa usambazaji. Kwa hiyo swichi au breka inayokata ule wa kwanza peke yake huwa imekiondolea kifaa hatari.

Meli haina ardhi. Ina mwili wake wa chuma. Katika meli nyingi waya zote mbili huachwa bila kuunganishwa na mwili huo, ili hitilafu moja isiweze kuzima taa, pampu au mitambo mingine katikati ya safari. Matokeo yake ni kwamba waya zote mbili zina umeme zikilinganishwa na mwili wa meli. Ekstensheni ya madukani, ambayo breka yake hukata waya mmoja tu, inaweza kuonekana imezima huku waya wa pili ukiendelea kuwa hai.

Vipande vya kinga vilivyomo ndani ya ekstensheni huongeza tatizo. Kazi yake ni kuutupa umeme wa ziada ardhini. Ikitokea hitilafu mahali pengine katika waya za meli, umeme mwingi unaweza kupita katika vipande hivyo bila breka ya ekstensheni kuutambua, na waya zikapata joto hadi kuwaka. Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Marekani kilitoa tahadhari rasmi juu ya jambo hilo mwaka 2013, kikieleza tofauti ya mifumo hiyo miwili na hatari ya moto inayotokana nayo.

Hapa ndipo makampuni yanapotofautiana, na abiria aliyezoea kampuni moja anaweza kuumbuka katika nyingine. Carnival imekuwa ikizuia ekstensheni zenye kinga na kuziruhusu zisizo nayo. Royal Caribbean ilikwenda mbali zaidi: Septemba 2024 iliongeza katika orodha yake ya marufuku hata plagi za kugawa umeme zenye matundu mengi. Chaja yenye matundu kadhaa ya USB, isiyo na soketi za umeme, ndiyo inayopita bila taabu katika meli nyingi, na kwa familia yenye simu nne au tano inatosha.

SOKETI NA VOLTI

Meli za zamani zilijengwa kabla ya zama za simu za mkononi, na chumba kinaweza kuwa na soketi moja au mbili tu juu ya meza. Meli mpya zina soketi zaidi, pamoja na matundu ya USB karibu na kitanda. Zipo zenye soketi za Kimarekani za volti 110 na za Kiulaya za volti 220 ubavuni kwa ubavuni. Baadhi ya meli zinazolenga wasafiri wa Uingereza zina soketi za pini tatu za bapa.

Hilo linamhusu msafiri kutoka Kenya au Tanzania, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 240 na 230. Plagi yake ya pini tatu haitaingia katika soketi ya Kimarekani bila adapta, na adapta hubadili umbo la pini tu, haibadili volti. Chaja za simu na kompyuta nyingi hazina tatizo, kwa kuwa zimeandikwa "100-240V". Pasi ya nywele iliyotengenezwa kwa volti 240 pekee, ikichomekwa penye volti 110, itatoa takriban robo ya joto lake. Kinyume chake ndicho kibaya: kifaa cha volti 110 kilichonunuliwa Marekani, kikichomekwa penye 220, kinaweza kuungua papo hapo.

Soketi ya bafuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine ya kunyolea ndevu ni ya mashine hiyo tu. Nyuma yake kuna transfoma ndogo isiyoweza kubeba kikausha nywele.

WAGONJWA NA VIFAA VYA MAWASILIANO

Vifaa vya tiba havimo katika marufuku. Mwenye mashine ya kusaidia kupumua usingizini, au mashine ya kuzalisha oksijeni, huruhusiwa kuingia nayo, ila hutakiwa kuiarifu kampuni mapema kabla ya safari. Sababu ni ya kawaida: soketi inaweza kuwa mbali na kitanda, na ekstensheni atakayotumia mgonjwa lazima iwe ya meli yenyewe, iliyokaguliwa na mafundi wake. Asiyetoa taarifa huweza kujikuta usiku wa kwanza akisubiri fundi. Viti vya umeme vya walemavu huruhusiwa pia, lakini huchajiwa na kuwekwa ndani ya chumba, si koridoni, ili njia ya kutokea isizibwe. Vigari vya kuchezea vya magurudumu mawili vyenye betri za lithiamu havikubaliwi kabisa.

Vifaa vya mtandao ni suala jipya. Ruta huzuiwa na makampuni kadhaa, na mwaka 2024 Norwegian Cruise Line ilitaja waziwazi vifaa vya Starlink katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa. Katika hili hoja ya moto haipo. Meli huuza intaneti yake, na wanaosema kwamba hapo ndipo ulipo ubahili wana haki zaidi ya kusema hivyo.

Kifaa kilichozuiwa kwa kawaida hakipotei. Abiria hupewa stakabadhi, na kifaa huhifadhiwa hadi mwisho wa safari, kikachukuliwa usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka. Kikipatikana chumbani baada ya kupenyezwa, mhudumu anayesafisha chumba hukitolea taarifa. Masharti yenyewe huchapishwa na kila kampuni pamoja na mkataba wa tiketi na hubadilika mara kwa mara, hivyo orodha ya mwaka uliopita si ya kutegemewa.

Wafanyakazi wa meli hawana nafuu. Vijana wa Mombasa na kwingineko walioajiriwa katika meli hizo hukaa katika vyumba vidogo zaidi, chini kabisa, ambavyo hukaguliwa mara kwa mara. Sufuria ya umeme ya kupikia wali, ambayo wengi wao wangeitamani baada ya wiki kadhaa za chakula cha kantini, ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo maofisa huvitafuta chini ya kitanda.