Kipeo au kipeuo? Maneno ya Hisabati yanayowakosesha watoto alama

Mtoto wa Kilwa Kivinje anaweza kutumwa dukani na noti ya elfu kumi akarudi na chenji sahihi, halafu kesho yake akafeli jaribio la Hisabati. Mara nyingi anajua kuhesabu, ila neno moja kwenye swali limempita. Haya hapa ni maneno ya msingi, pamoja na mahali ambapo wengi hujikwaa.

Shufwa, witiri na tasa

Namba shufwa hugawanyika kwa 2 bila kubaki kitu: 2, 4, 6, 8. Namba witiri hubakiza 1: 1, 3, 5, 7. Watoto wengi wa mwambao wameshalisikia neno hili msikitini, maana swala ya witiri huswaliwa kwa idadi ya rakaa isiyogawanyika kwa mbili.

Namba tasa hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu: 2, 3, 5, 7, 11. Angalia mitego miwili. 9 ni witiri lakini si tasa, kwa sababu inagawanyika kwa 3. Na 1 si namba tasa.

Kipeo na kipeuo

Herufi moja tu inayatenganisha, lakini majibu yako mbali. Kipeo cha pili cha 9 ni 9 × 9, yaani 81. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, kwa kuwa 3 × 3 ni 9. Kipeo kinapandisha, kipeuo kinarudisha kwenye shina.

Kiasi na asili

Katika sehemu ¾, namba ya juu (3) ni kiasi na ya chini (4) ni asili. Asili inaonyesha kitu kizima kimekatwa vipande vingapi, kiasi kinaonyesha umechukua vingapi. Ndiyo maana robo (¼) ni kubwa kuliko thumuni (⅛), ingawa 8 ni kubwa kuliko 4. Mkate uliokatwa vipande vingi hutoa vipande vidogo.

MAGAZIJUTO

Ni kifupi cha Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Mfano: 20 − 2 × (3 + 4). Mabano kwanza: 7. Kisha zidisha: 14. Mwisho toa: 6.

Lakini kuwa makini na 10 − 4 + 3. Wapo wanaokimbilia kujumlisha 4 na 3, wanapata 7, kisha jibu 3. Hapana. Alama ya kutoa imeishika 4 peke yake, kwa hiyo jibu ni 9. Zikibaki jumlisha na toa tu, nenda kutoka kushoto kwenda kulia. Gawanya na zidisha nazo ni hivyo hivyo.

Aljebra na mlinganyo

Aljebra hutumia herufi kusimama badala ya namba usiyoijua. Jina lenyewe limetokana na Kiarabu, *al-jabr*, neno lililo kwenye jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mtaalamu aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9.

Mlinganyo ni mizani: pande mbili zinalingana. Tuseme magunia matatu ya ufuta yenye uzito sawa, pamoja na kilo 10 za ziada, yana uzito wa kilo 250. Gunia moja liite x:

3x + 10 = 250

Ondoa 10 pande zote: 3x = 240. Gawanya kwa 3 pande zote: x = 80. Kila gunia ni kilo 80. Ukigusa upande mmoja, gusa na wa pili, la sivyo mizani inalala.

Uwiano

Mwenye mashua na wavuvi wamekubaliana kugawana shilingi 500,000 kwa uwiano wa 2 kwa 3. Kosa la kawaida ni kugawa kwa 2, halafu kwa 3. Jumlisha kwanza: 2 + 3 = mafungu 5. Fungu moja ni 100,000. Mwenye mashua anapata 200,000, wavuvi 300,000.

Asilimia

Ni sehemu ya mia. Bei ya kilo ikiwa 3,000 na ikashuka kwa asilimia 20, inakuwa 2,400. Ikipanda tena kwa asilimia 20, hairudi 3,000. Inafika 2,880, kwa sababu safari hii asilimia imepigwa kwenye 2,400. Kabla ya kukokotoa, uliza: asilimia 20 ya nini?

Wastani

Jumla ya vitu, gawanya kwa idadi yake. Hapa hata watu wazima huteleza. Matangazo ya minada ya korosho na ufuta hutaja bei ya juu na bei ya chini. Tuseme tani 90 zimeuzwa kwa 3,000 kwa kilo na tani 10 kwa 4,000. Ukichukua bei mbili na kugawa kwa 2 utapata 3,500. Wastani halisi wa kilo ni 3,100, maana mzigo mkubwa uliuzwa kwa bei ya chini. Mkulima asiyejua hili anaweza kupanga ada na sare kwa pesa ambayo haiji.

Uwezekano

Ni idadi ya matokeo unayoyataka, gawanya kwa matokeo yote. Kapu lina changu 3 na tasi 5. Ukichukua samaki mmoja bila kuchagua, uwezekano wa kupata changu ni ⅜. Uwezekano huanzia 0 (haiwezekani) hadi 1 (lazima itokee), hauzidi hapo.

Usikubali maneno ya "ama nitapata ama nitakosa, kwa hiyo nusu kwa nusu". Matokeo kuwa mawili hakuyafanyi yawe na nafasi sawa. Sarafu ndiyo nusu kwa nusu. Mkeka wa kubeti sivyo.

Kwa nini sasa, si baadaye

Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha Hisabati kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza somo hilo hilo linageuka kuwa la Kiingereza. Mtoto aliyeelewa mlinganyo ni nini atajifunza jina jipya tu. Asiyeelewa atabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, lugha na hesabu.

Mzazi unaweza kusaidia hata kama shule uliiacha zamani. Mpe mtoto daftari dogo la safu tatu: neno, maana, mfano kutoka sokoni au shambani. Maneno mawili kwa siku yanatosha. Akishindwa kutoa mfano wake mwenyewe, bado hajalielewa, hata kama amelikariri.