Mdomo Karibu na Maikrofoni

Kabla ya kuimba neno lolote, mwimbaji aliisogeza maikrofoni hadi ikakaribia kumgusa mdomo. Ukumbi ule wa Nairobi ulikuwa umejaa watu wa rika la wazazi wangu, wengine wamevaa kofia pana za Texas, na kelele za viti na chupa zilikuwa hazijatulia. Tulikuja kumkumbuka Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, nyimbo zake zikipokezana na masimulizi ya maisha yake. Mwimbaji wetu alipoanza “Four Walls” kwa sauti ya chini, kelele zikakatika. Nikajua kwamba huyu amemsoma Reeves vizuri, maana siri yote ya mtu yule imo katika vidole viwili vya hewa baina ya mdomo na chombo.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiifuata njia iliyomfikisha Reeves kwenye chombo hicho.

Inaanzia Galloway, kijiji cha mashariki mwa Texas, alikozaliwa tarehe 20 Agosti 1923. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, mama akabaki na shamba na watoto wengi. Kijana alipenda gitaa, lakini kilichoelekea kumtoa kijijini ni mkono wake wa kurushia mpira. Mwaka 1944 alisajiliwa na St. Louis Cardinals, klabu kubwa ya besiboli, akachezea timu zake za madaraja ya chini. Kisha akaumia mshipa wa neva ushukao kutoka kiunoni hadi mguuni, na ndoto ya uwanjani ikaishia hapo.

Akageukia redio. Aliishia KWKH, kituo cha mji wa Shreveport, Louisiana, akawa mtangazaji wa kipindi cha muziki kilichoitwa Louisiana Hayride. Onyesho letu liliipita miaka hiyo kwa sentensi moja, na wengi wanaomsimulia hufanya vivyo hivyo. Naona wanaruka mahali penyewe. Mwimbaji wa jukwaani huuona umati na kuurushia sauti yake. Mtangazaji haoni mtu. Anayemsikiliza yuko peke yake, pengine jikoni, pengine kitandani na taa imezimwa, na akipigiwa kelele atafunga redio alale. Kwa hiyo mtangazaji hujizoeza kusema na mtu mmoja.

Zoezi hilo Reeves hakulipeleka kwenye uimbaji mara moja. “Mexican Joe” ya 1953 na “Bimbo” iliyofuata ni nyimbo za mbio, za kuchangamsha watu, naye anaziimba kwa sauti ya juu. Zilimpa jina. Kufikia 1955 alikuwa na mkataba wa kampuni ya RCA na nafasi kwenye jukwaa la Grand Ole Opry, Nashville. Angeweza kuendelea hivyo na leo asikumbukwe na mtu huku kwetu.

Ndipo mwaka 1957 ukaja “Four Walls”. Chet Atkins, mpiga gitaa aliyesimamia rekodi zake, aliona kwamba ule ni wimbo wa kuimbwa na mwanamke. Reeves akaung'ang'ania. Studioni alisogea mpaka midomo ikakaribia kugusa maikrofoni, akaimba chinichini kama msomaji wa taarifa ya mwisho ya usiku. Wimbo ukaongoza chati za muziki wa kantri. Miaka miwili baadaye akarekodi “He'll Have to Go”, kisa cha mwanamume anayempigia simu mpenzi wake huku akijua kwamba kuna mwingine kando yake. Hata wimbo ni wa simu, wa mdomo na chombo! RCA iliuweka upande wa pili wa santuri, na ni watangazaji wa redio walioigeuza na kuupiga. Mwaka 1960 ulikaa kileleni mwa chati za kantri wiki 14.

Afrika aliyoifanyia kazi ni Afrika Kusini. Alizuru huko mwaka 1962 pamoja na Chet Atkins na mpiga piano Floyd Cramer, akarekodi nyimbo kwa Kiafrikana, lugha asiyoijua, na baadaye akaigiza katika filamu Kimberley Jim. Ukumbini sehemu hii ilisimuliwa kwa furaha tupu. Mimi ningetaka tuambiwe pia kwamba miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu mauaji ya Sharpeville, na kwamba Mandela alikamatwa mwaka huohuo wa 1962. Kumpenda mwimbaji hakutuzuii kuitazama nchi iliyomshangilia.

Kwetu alikuja kwa santuri na kwa mawimbi ya Sauti ya Kenya. Kiingereza chake kilitamkwa polepole, kila neno na nafasi yake, hata aliyeishia darasa la nne aliweza kukifuata. Lakini tarehe 31 Julai 1964, akirusha mwenyewe ndege ndogo kutoka Arkansas, aliingia katika dhoruba ya radi karibu na Nashville, akafa pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel. Mabaki yalipatikana tarehe 2 Agosti. Alikuwa na miaka 40. Kenya ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru.

Kwa hiyo wengi wa wenye kofia pale ukumbini walimjua akiwa marehemu. Mkewe, Mary, aliendelea kutoa rekodi zilizobaki. “Distant Drums”, iliyorekodiwa kwa majaribio tu, iliongezewa vyombo vya okestra na kushika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966. Mwaka 1981 sauti yake iliunganishwa na ya mwimbaji Patsy Cline, naye aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1963, wakaimba pamoja wimbo ambao hawakuwahi kuuimba pamoja wakiwa hai.

Mwimbaji alipofunga onyesho kwa “This World Is Not My Home”, mama aliyeketi mbele yangu alivua kofia. Mimi kwa mawazo nilikuwa nimerudi nyumbani, siku tuliyomzika baba. Ni wimbo alioutaka mwenyewe. Tulikodi jenereta na spika mbili kubwa, na zilipowashwa zilikwaruza vibaya mno, maneno hayasikiki. Mjomba akaenda akapunguza sauti, akapunguza tena, mpaka mikwaruzo ikaisha na Reeves akabaki akiimba taratibu. Waliokuwa wamesimama nyuma, chini ya miembe, wakaanza kusogea mmoja mmoja hadi karibu na kaburi.