Kinga ya Kukanwa: Ushahidi wa Maneno na Pesa Zipitazo Mtandaoni

Tuseme mtu amekuagizia magunia kumi ya mchele kwa simu. Umempelekea mzigo, mwezi umeandama, na ukimdai anakwambia, "Mimi sikuagiza kitu." Wazee wetu walikuwa na dawa ya neno hilo: mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi Waislamu twajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi.

Wataalamu wa usalama wa mitandao wana kanuni ifanyayo kazi hiyo hiyo. Tuiite kinga ya kukanwa. Maana yake ni kwamba aliyetenda jambo hawezi kulikana baadaye, kwa sababu uko ushahidi ambao mtu wa tatu, kama kadhi ama hakimu, anaweza kuukagua mwenyewe. Kinga hii ina pande mbili: aliyetuma asiseme hakutuma, na aliyepokea asiseme hakupata.

Wengi huichanganya na kutambuliwa tu. Unapobonyeza PIN ya simu, kampuni inakutambua. Lakini anayeihakiki PIN ni mitambo ya kampuni, na anayeweka kumbukumbu ni kampuni. Mkigombana wewe na yeye, daftari liko kwa mmoja wenu.

Sahihi ya kidijitali

Ushahidi ulio imara zaidi ni sahihi ya kidijitali. Fikra yake ilitolewa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakaunda njia ya RSA inayotumika hadi leo. Mtu huwa na funguo mbili: wa siri anabaki nao peke yake, wa wazi humpa yeyote. Akitia sahihi, programu huufupisha waraka kuwa msururu mfupi wa tarakimu, kisha huutia alama kwa ufunguo wa siri. Mpokeaji hukagua kwa ufunguo wa wazi. Waraka ukibadilishwa hata nukta moja, sahihi inakataa.

Bado yahitajika mambo mawili: taasisi inayoaminika ya kuthibitisha kwamba ufunguo ule ni wa fulani, na rekodi ya saa sahihi ilipotiwa. Bila ya saa, mtu atadai ufunguo wake ulikuwa umeshaibiwa siku hiyo.

Hapa Kenya, marekebisho ya mwaka 2009 ya Sheria ya Habari na Mawasiliano yalizitambua sahihi za kielektroniki. Sheria ya Ushahidi nayo, katika kifungu cha 106B, inakubali rekodi za kielektroniki mahakamani, zikiandamana na cheti kinachoeleza zilivyopatikana.

Tunapoibomoa wenyewe

Kinga hii huvunjwa zaidi na mazoea yetu kuliko wezi wa mtandao. Chukua ofisi ya uwakala wa forodha ambako vijana watano huingia kwenye mfumo kwa jina moja na neno la siri moja. Ikipatikana hati ya uongo, rekodi itamtaja mwenye jina tu. Ama atabeba dhambi ya wenzake, ama mwenye kosa atajificha nyuma ya wote. Vivyo hivyo kwa bibi anayempa mjukuu PIN yake amtolee pesa: siku zikitoka bila ya idhini yake, atathibitisha vipi kwamba si yeye?

Kuna na meseji za malipo. Mtu akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, ama akikutumia picha ya skrini, hujaona ushahidi bado. Vyote viwili hughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa bidhaa.

Sisi watu wa pwani twazijua kesi za mashamba, za mzee aliyetia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Sahihi ya kidijitali haitamwokoa mzee huyo. Yathibitisha ufunguo wa nani ulitumika, lakini haijui kama mwenyewe alielewa, alilazimishwa, ama simu ilikuwa mkononi mwa mwengine. Kwa hivyo mashahidi wa damu na nyama bado twawahitaji.

Kila mtu awe na neno lake la siri, risiti ziwekwe, na makubaliano yaandikwe hata baina ya ndugu. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kumlinda kila mmoja na siku atakaposahau.